Sombe ya Sikukuu Inaanza Jana Yake



Mutu akipita mu muji wa Kamina jioni ya tarehe 24 Desemba, ao jioni ya tarehe 31, kuna sauti moja ambayo hawezi kuikosa: sauti ya kinu. Kuku bado anatembea mu lupango na hajui habari. Muchele bado uko ndani ya mufuko. Vinywaji bado viko ku duka, pengine hata feza ya kuvilipa haijapatikana. Lakini sombe yenyewe imekwisha kuanza safari yake. Majani yamekatwa, yamechambuliwa, na mabinti wawili ao watatu wanatwanga kwa zamu mu kinu kimoja.

Tumezoea hii kazi mpaka hatuulizi tena juu yake. Tunapoandika juu ya desturi zetu, tunaandika juu ya wafalme, juu ya ndoa, juu ya matanga, juu ya masanamu ya Waluba ambayo leo yako mu majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mboga hatuandiki. Tunaona kama ni mambo ya jikoni, mambo ya bamama. Lakini mutu anayetaka kujua namna gani watu wa muji wa gari ya moshi kama huu wetu walikuja kuwa watu wa muji mumoja, afunue nyungu ya sombe na aangalie ndani. Humo kuna historia ya safari ndefu, ya kazi, ya dini na ya serikali.

Ulizo letu ni hili: kwa nini sombe ya sikukuu inaanza jana yake? Wengi watajibu: "Ni juu kazi yake ni ndefu." Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi. Tutaona kama ile siku moja ya mbele inafanya kazi tatu: inaondoa sumu, inakusanya watu, na inamupa kila mutu nafasi ya kuleta kitu ku meza, hata yule asiye na feza. Kwa sababu hiyo, inafaa tufikiri vizuri mbele ya kuifupisha.

1. Jani moja, majina mengi

Sombe ni majani ya muhogo. Sisi mu Katanga, na ndugu zetu wa Kivu, tunasema sombe. Mu Kinshasa wanasema pondu. Ku upande wa Kongo-Central jina linalojulikana sana ni saka-saka. Wandugu wa Kasai wanasema matamba. Ukivuka mupaka ku Rwanda utasikia isombe, na mu Tanzania watu wanakula kisamvu. Jani ni lile lile; ni midomo tu inayobadilika.

Kamina ni mahali ambapo haya majina yalikutana, na waliyoyakutanisha ni mafundi wa reli. Reli ilikuwa imefika Bukama, ku mutoni Lualaba, mu mwaka wa 1918. Kisha kampuni ya BCK ikaendelesha njia kutoka Bukama kupitia Kamina mpaka Port-Francqui, muji tunaouita leo Ilebo, na njia hiyo ikafunguliwa mu mwaka wa 1928. Mu mwaka wa 1956 tawi lingine likaunganisha Kamina na Kabalo, ku upande wa Ziwa Tanganyika. Tangu hapo mutu wa Kasai, mutu wa Lubumbashi na mutu wa Kalemie wote wanaweza kushuka ku gare moja. Kila mumoja alishuka na mizigo yake, na ndani ya mizigo kulikuwa pia namna ya mama yake ya kutayarisha majani. Mumoja anatia karanga, mwingine anasema karanga inaharibu ladha. Mumoja anatia mafuta ya ngazi nyingi mpaka mboga inakuwa nyekundu, mwingine kidogo tu. Hayo mabishano yanaendelea mpaka leo ku soko, na ni mazuri, juu yanaonyesha kama tunakula pamoja.

2. Desturi ya zamani, mimea ya ugenini

Hapa inafaa tuwe waangalifu. Mara nyingi tunasema: "Sombe ni chakula cha bankambo." Ni bankambo gani? Muhogo haukutoka hapa. Ulitoka Brazil, mu Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta ku pwani ya Kongo mu karne ya 16, na toka pale ukatembea pole pole kuelekea ndani ya inchi, kwa njia za wafanya biashara, kupitia inchi za Lunda na majirani yake. Na haukutembea peke yake. Mahindi yalitoka Amerika. Karanga zilitoka Amerika. Viazi vitamu, ambavyo majani yake tunayaita matembele, vilitoka Amerika. Pilipili na tomati pia. Ukiondoa ndani ya nyungu ya Noeli kila kitu kilichovuka bahari, utabakia na mafuta ya ngazi, samaki wa Lualaba, uyoga wa pori na majani machache ya kwetu.

Je, hiyo inamaanisha kama bankambo wa zamani sana hawakuwa na karamu? Hapana. Mu bonde la Upemba, ku Ziwa Kisale, kuna mahali panaitwa Sanga. Mu mwaka wa 1957 na 1958 wataalamu walichimba pale na kufunua makaburi ya zamani. Kazi iliendelea tena mu miaka ya 1970. Walikuta watu waliozikwa na vyungu vingi vya udongo vyenye kutengenezwa kwa ufundi, pamoja na vitu vya shaba na vya chuma. Mengi ya makaburi hayo yanazidi miaka 700, na mengine yanafika miaka 1000 na zaidi. Maana yake, mbele ya muhogo kuingia mu inchi yetu, watu wa hapa walikuwa wafinyanzi na wapishi, na chungu kilikuwa kitu cha heshima mpaka kumusindikiza mutu mu kaburi. Walikuwa na mtama na njugu mawe, walikuwa na samaki, na pori lilikuwa na majani.

Kwa hiyo funzo la kwanza ni hili: kitu ambacho tumerizi si jani lenyewe. Tumerizi ujuzi wa kutayarisha. Muhogo ulikuja mugeni, tena mugeni mwenye sumu, na wanawake wa inchi hii waliupokea kwa sababu kinu kilikuwa kinawangojea tayari na mikono ilikuwa imezoea kutwanga, kuloweka na kuchemsha kwa muda murefu. Desturi ni ile kazi. Mumea unaweza kubadilika.

3. Posho ya kampuni na shamba la mama

Serikali ya wakoloni nayo iliingia mu nyungu. Tangu mwaka wa 1917 vijiji vililazimishwa kulima mimea fulani, zaidi sana pamba. Mutu aliyetumia siku zake mu shamba la pamba alihitaji chakula kisichomuomba uangalizi mwingi, na muhogo ni chakula cha namna hiyo: unakaa mu udongo mwaka mumoja ao miwili, unavunwa kidogo kidogo, na majani yake yanachumwa wakati mizizi inaendelea kukomaa. Hivyo muhogo ulishika nafasi kubwa zaidi, na sombe pamoja nao.

Mu miji, kuanzia miaka ya 1920, kampuni kubwa za Katanga zilianza kuwaacha wafanyakazi waishi mu makambi pamoja na bibi na batoto. Zilikuwa zinatoa posho: unga, mafuta, chumvi, maharagi, samaki mukavu, mara moja moja nyama. Angalieni vizuri hiyo orodha. Vitu vyote vilivyomo vinaweza kukaa mu depo. Majani mabichi hayawezi. Sombe iliyochumwa asubuhi, kesho yake imekwisha kunyauka. Kwa hiyo mboga mbichi ilibakia mu mikono ya bamama. Nyuma ya nyumba, pembeni ya reli, mu bonde lenye maji, bamama walipanda muhogo, lengalenga na matembele.

Hilo jambo lina maana kubwa ku sikukuu. Siku ya posho bwana ndiye aliyeleta chakula, juu jina lake ndilo lililoandikwa mu kitabu cha kampuni. Jana ya sikukuu ni mama aliyeleta, kutoka mu shamba lake. Hata mu nyumba ambamo mushahara ulikwisha mbele ya mwezi kwisha, kulikuwa sombe. Mutu hakuaibika kukaribisha jirani.

4. Kalendari mbili mu nyungu moja

Sikukuu zenyewe zilitoka wapi? Noeli ililetwa na misioni. Wakatoliki na Waprotestanti wote walifanya kazi mu hii inchi; kwa mufano, mu mwaka wa 1915 William Burton na James Salter walianzisha misioni yao ku Mwanza, mu inchi ya Waluba, na kutoka pale makanisa mengi yakazaliwa. Bonane, kama jina lenyewe linavyosema, ni salamu ya Kifaransa ya mwaka mupya ambayo tuliimeza mpaka ikawa neno letu. Kisha, tangu mwaka wa 1960, tukapata tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru.

Kalendari ya misioni na ya serikali ilikutana na kalendari ingine, ile ya mvua. Mu Katanga mvua inaanza karibu mwezi wa kumi na inakwisha karibu mwezi wa ine. Noeli na Bonane zinaanguka katikati ya mvua. Muhogo umetoa majani mapya, laini. Lengalenga inaota hata pasipopandwa. Pori linatoa uyoga, na ku njia ya Bukama bamama wanauza kwa mabeseni. Ni wakati wa majani mengi, hata ikiwa ni wakati wa unga kidogo, juu mahindi mapya bado hayajakomaa. Kwa hiyo mboga ndiyo inayobeba sikukuu ya Desemba.

Tarehe 30 Juni ni kinyume. Tuko katikati ya ukavu. Majani ya muhogo ni machache na magumu. Lengalenga inapatikana paka mu mabonde yenye maji. Hapa ndipo tunaona matayarisho marefu zaidi kuliko ya siku moja. Mama mwenye akili alianza mu mwezi wa pili ao wa tatu: alichemsha kidogo majani ya maharagi na ya maboga, akayaanika, akayafunga, uyoga vilevile aliukausha. Mu mwezi wa sita anauloweka mu maji, na wageni wanashangaa: uyoga umetoka wapi wakati huu? Ulitoka mu mwezi wa tatu. Kwa kweli ile sikukuu ilianza kutayarishwa miezi ine mbele, bila mutu kutangaza.

Kuna tukio moja la kalendari ambalo vijana wetu hawalijui. Mu mwaka wa 1974, wakati wa Zaire, serikali iliondoa tarehe 25 Desemba katika siku za mapumziko. Siku ya Noeli ikawa siku ya kazi kama zingine. Masomo na ofisi vilifunguliwa. Lakini amri kama hiyo inaweza kufunga kanisa ao kufungua ofisi. Haiwezi kuzuia kinu cha jioni. Kazi ya tarehe 24 jioni haikuhitaji ruhusa ya mutu, juu ilifanyika nyumbani kisha saa za kazi, na nyungu ilipashwa moto kesho yake jioni. Sikukuu iliyotegemea mapumziko ya serikali ingeanguka. Ile iliyotayarishwa jana yake ilikuwa na miguu yake yenyewe.

5. Kila jani na saa yake

Kwa faida ya wale waliokulia mu nyumba za kununua sombe tayari, tuandike kazi yenyewe namna inavyofanywa.

Ya kwanza ni kuchuma. Tunachuma majani machanga ya juu, si yale makubwa ya chini ambayo yamekuwa magumu. Na hatuvui muti mumoja mpaka unabakia fimbo, juu muti usio na majani hautalisha muzizi. Tunazunguka shamba lote, kidogo hapa, kidogo pale.

Ya pili ni kuchambua: kuondoa vikonyo na majani ya manjano. Hii ndiyo kazi ya batoto wadogo na ya bakoko waliochoka magoti, na ndiyo saa ya mazungumuzo. Watu wanakaa chini ku kivuli, mikono inafanya kazi, midomo iko huru. Ni pale mutoto anajifunza kama yaya yule ni wa tumbo gani, kama jirani yule ni shemeki kwa upande gani, na kwa nini tata fulani haongei na ndugu yake.

Ya tatu ni kutwanga. Kinu kimoja kinaweza kupokea michi miwili ao mitatu, lakini kwa sharti moja: kila mumoja asikie mwenzake. Asiyesikia atagonga muchi wa mwingine. Vitunguu na pilipili za kijani vinatwangiwa pamoja na majani. Kazi inakwisha wakati vipande vya majani havionekani tena.

Ya ine ni kuchemsha, kwa maji mengi, kwa muda murefu, nyungu ikiwa wazi. Ku mbabula moja hii inakula makala mengi. Kwa hiyo zamani jirani wawili waliweza kuchemsha mu nyungu moja kubwa na kugawana.

Hapo kazi ya jana yake inasimama. Karanga, mafuta ya ngazi na samaki wa kukauka havitiwi jioni, juu karanga ikilala mu nyungu wakati wa joto itachachuka. Vinatiwa asubuhi ya sikukuu, kisha sombe kuchemshwa tena vizuri. Na kila mutu wa hapa anajua kama sombe ya kupashwa ni tamu kuliko ya kwanza.

Mboga zingine haziko hivyo. Lengalenga na matembele unaweza kuyachambua jioni na kuyaacha mahali pa baridi, lakini usiyakate. Yatanyauka na kupoteza nguvu. Yanakatwa na kupikwa saa ya mwisho. Bilolo, kwa sababu ya uchungu, inachemshwa na maji ya kwanza yanamwangwa. Mama anayepika mboga ine ku sikukuu moja anashika saa ine mu kichwa bila kuandika hata moja. Sisi walimu tunaita hiyo mupango wa kazi, na tunaifundisha kwa chaki. Wao waliijua mbele yetu.

6. Sumu na haraka

Sasa tufike ku jambo lililo zito. Muhogo una sumu, mu mizizi na mu majani. Ndani ya jani kuna kitu kiitwacho linamarini. Jani likiwa zima, hicho kitu kimefungwa. Jani likipondwa, kinakutana na kitu kingine cha jani lile lile ambacho kinakifungua, na hapo sumu ya sianidi inatoka. Hiyo sumu inageuka hewa kwa urahisi, hata kwa joto ndogo, na inakwenda zake. Kumbe kutwanga ndiko kunafungua mulango, na kuchemsha nyungu wazi ndiko kunafukuza muchawi inje.

Kwa hiyo bamama waliokataza kufunika nyungu ya sombe mwanzoni walikuwa na haki, hata ikiwa hawakuwa na maabara. Na wale wanaotia majani mu maji ya moto sana mbele ya kutwanga, ili yalainike upesi, wajue kama moto mukali unaharibu kile kitu kinachofungua sumu. Ni vizuri zaidi kutwanga kwanza, moto ufuate.

Je, haraka inaweza kuleta hasara ya kweli? Inchi yetu wenyewe ilitoa jibu. Ku Kwango, mbali na hapa lakini mu Kongo hii hii, kuna ugonjwa unaitwa konzo. Munganga Mwitaliano Giovanni Trolli aliuandika mu mwaka wa 1938. Mutoto ao mama analala muzima, na kwa muda mufupi miguu yote miwili inakakamaa, na haiponi tena. Wataalamu waliofuata walipata kama unatokea pale watu wanapokula muhogo muchungu usiotayarishwa vizuri, bila chakula kingine cha kujenga mwili. Mu miaka ya 1980 na 1990 waliona jambo la kuhuzunisha ku upande wa Kahemba: biashara ya muhogo kwenda miji mikubwa iliongezeka, wanunuzi walikuwa wanangojea, na mizizi iliyokuwa inalowekwa siku tatu ikaanza kulowekwa siku moja. Siku mbili tu ziliondolewa.

Konzo inatokana na mizizi, si na sombe yetu, na hatutaki kumuogopesha mutu. Lakini funzo ni lile lile. Muda ambao wazee waliuweka mbele ya chakula haukuwa uvivu wala ushirikina. Ulikuwa dawa, na dawa ukipunguza kipimo chake haiponyeshi.

7. Wakati jirani walitengana

Tumesema kama kinu kinakusanya watu. Lazima tuseme pia wakati kilishindwa. Mu mwaka wa 1992 na 1993, siasa ya chuki iliwafukuza mu miji ya Katanga, kama vile Likasi na Kolwezi, watu wengi sana waliokuwa na asili ya Kasai, hata wale waliozaliwa hapa na hawakujua kwingine. Walilala ku magare wakingojea treni. Njia ya reli kwenda Kasai inapita Kamina, hakuna ingine. Wengi walikufa mu safari, zaidi sana batoto.

Mama aliyesema "matamba" na mama aliyesema "sombe" walikuwa wametwanga pamoja ku makambi miaka mingi. Chuki haikutoka ku kinu. Ilitoka ku vinywa vya wakubwa. Lakini kinu peke yake hakikuweza kuizuia. Tunaandika hii ili mutu asifikiri kama desturi nzuri inatosha kulinda amani. Inatufundisha kusikia muchi wa mwenzetu. Kuendelea kuusikia, hiyo ni kazi yetu kila siku.

Na tuongeze neno la shukrani. Mu miaka hiyo ya 1990, wakati mishahara ilichelewa miezi na miezi na feza ilikuwa inaoza mu mufuko, ni shamba la mama lililosimamisha nyumba nyingi. Masomo yalilipwa na beseni za sombe. Zaidi ya mutu mumoja anayesoma haya maandiko alipata diploma yake kwa njia hiyo.

8. Leo: tushike nini, tuache nini?

Leo, tangu mwaka wa 2015, Kamina ni muji mukubwa wa provense ya Haut-Lomami. Ku soko sombe inauzwa imekwisha kusagwa. Nyumba zingine ziko na mashini ya kuzungusha kwa mukono, ile ile inayosaga nyama. Wazee wengine wanalalamika: "Sombe ya mashini haiko sombe." Tusikubali wala tusikatae bila kufikiri.

Kwa upande wa sumu, mashini haina kosa. Inaponda jani kama kinu, pengine zaidi. Kosa linaingia wakati mutu anafikiri kama kwa sababu amesaga kwa dakika kumi, basi hata kuchemsha ni kwa dakika kumi. Kosa lingine ni kutia bikarbonate nyingi ili mboga iive upesi na ibakie kijani. Rangi inapendeza macho, lakini vitamini zinaharibika, na sumu inaomba muda, si rangi.

Kwa upande wa watu, jambo ni lingine. Kinu kiliomba watu watatu. Mashini inaomba mumoja. Tukiwa na mashini, kazi iliyokuwa ya mabinti watatu na mazungumuzo inakuwa kazi ya binti mumoja, peke yake, nyuma ya nyumba, wakati ndugu zake wanaume wanaangalia televizyo. Hapa tunasema wazi: hiyo si maendeleo na si desturi. Ni mizigo ile ile iliyowekwa ku mabega machache zaidi. Hakuna sheria ya bankambo inayosema kijana mwanaume akichambua majani mikono yake itaoza. Mu makambi ya wanafunzi wa mbali vijana wanajipikia, na hawajafa.

Kwa hiyo tunapendekeza tushike mambo matatu. Tushike muda: majani yachumwe na yachemshwe jana yake, nyungu wazi, bila haraka. Tushike kuchambua pamoja, hata kama kusaga ni kwa mashini, na wanaume wakae chini kama wengine. Na tushike ile sahani ya kwanza inayovuka lupango kwenda kwa jirani mbele ya sisi kula, zaidi sana kwa yule ambaye kinu chake hakikusikika mwaka huu. Mara nyingi ukimya wa kinu ni habari: kuna mugonjwa, kuna kilio, ao hakuna kitu.

Yanayobakia yanaweza kubadilika. Jina linaweza kuwa sombe, matamba ao pondu. Karanga zitiwe ao zisitiwe. Muhogo wenyewe ulikuwa mugeni, na tuliupa kiti.

Neno la mwisho ni kwa walimu wenzangu na kwa vijana. Ujuzi huu hauko mu vitabu vyetu vya masomo. Uko mu vichwa vya bamama ambao wengi wamekwisha kuwa wazee. Mwaka huu, mbele ya Bonane, kila mwanafunzi achukue kaye na kalamu, akae karibu na koko wake wakati wa kuchambua, na amuulize: ni majani gani mulikausha zamani, mu mwezi gani, kwa siku ngapi? Mulimwanga maji ya kwanza ya mboga gani? Nani alikufundisha? Aandike majibu kwa luga ile ile ambayo koko ataitumia, Kiluba ao Kiswahili. Lakini mikono yake isikae bure wakati anauliza. Koko hataongea na mutu anayemuangalia tu.